Kichefuchefu kimekuja, nafuu mbona haionekani?

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu ni fundi redio. Huu mwezi wa tatu kazi za wateja zinalala mezani. Anaamka saa tisa usiku, anabaki kukodolea ukuta macho, na mtoto akimtania hacheki. Daktari alisema ni sonona, akamwandikia fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Tuko wiki ya pili. Alichoambulia ni kichefuchefu na mikono kutetemeka. Shemeji anamsihi aache kabla hajawa teja. Aache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asiache. Dawa hizi zina tabia ya kuudhi: maudhi hutangulia, nafuu hufuata. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 4, na huweza kuchukua wiki 6 hadi 8 kukamilika. Miaka yangu ya uuguzi wodini nimewaona wengi wakitupa vidonge hapo hapo mlipo ninyi. Ameze baada ya kula. Kichefuchefu kwa kawaida hupungua chenyewe.

Shemeji angekuwa na hoja kama ingekuwa diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo mtu huweza kuizoea hadi akaitegemea. Fluoksetini haimfanyi mtu aitamani wala adai dozi kubwa kila mara. Ila dawa za kundi hili zikikatizwa ghafla huweza kuleta kizunguzungu na hasira, ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Na akishapona ataendelea kumeza kwa angalau miezi 6 ili ugonjwa usirudi.

Kidonge kisifanye kazi peke yake. Omba apelekwe kwenye tiba ya mazungumzo. Kwa sonona nyepesi hiyo pekee huweza kutosha, ikiwa kali huenda pamoja na dawa. Nyumbani, usimwambie "jikaze". Mwambie afungue redio moja tu, skrubu zake basi, hata kama hana hamu. Mgonjwa wa sonona akingoja hamu ije kwanza atangoja sana. Mara nyingi huja akiwa ameshaanza.

Sasa mambo mawili ya kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo. La kwanza, akianza kukesha bila kuchoka, akiongea mbio na kutapanya fedha: huenda ni ugonjwa mwingine, na dawa hii ikauchochea. La pili, mawazo ya kifo. Muulize waziwazi, "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na vidonge vikae kwako.

Siku ya kliniki nenda naye. Wanaume wakiulizwa hujibu "naendelea vizuri", wakapewa dozi ile ile wakarudi nyumbani. Wewe taja hiyo saa tisa ya usiku, taja mikono. Ikifika wiki ya 6 bila mabadiliko, daktari anaweza kuongeza dozi au kubadili dawa. Zipo nyingine.