Kibarua cha likizo ndefu: fuata msimu, usifuate tangazo

Kila mwaka mitihani ya semista ya pili ikikaribia kuisha, vijana wa chuo huanza kupita dukani kwangu na bahasha za kaki. Nina steshenari ndogo Dar es Salaam: fotokopi, kuchapa, picha za pasipoti, kujazia watu maombi mtandaoni. Kabla ya hapo nilikuwa upande wao. Likizo zangu za chuo ziliishia kwenye stoo ya vitenge Kariakoo, kwenye banda la maonesho ya biashara ya Sabasaba, na jioni nikifundisha tuisheni. Kwa hiyo habari ya kibarua cha likizo naijua nikiwa mbele ya kaunta na nikiwa nyuma yake.

Bahasha hizo karibu zote zinafanana. CV ya kurasa tatu, kivuli cha cheti cha kidato cha nne na cha sita, na barua inayoanza na "Kichwa cha habari hapo juu chahusika". Kisichokuwemo ni mambo mawili tu ninayotaka kuyajua: unaweza kuanza lini, na unaondoka lini.

Watu wengi hudhani mwanafunzi ananyimwa kazi kwa kuwa hana uzoefu. Kwa ajira za kudumu huenda. Kwa kibarua cha miezi miwili, mwenye duka anaogopa kitu kingine. Anaogopa akufundishe bei, wateja, mahali pa mzigo na namna ya kufunga hesabu, halafu siku unapoanza kuwa na manufaa unaaga, chuo kimefunguliwa. Mwanafunzi naye akilijua hilo huamua kuficha. Ukimuuliza utakuwepo mpaka lini, anajibu, "Nipo tu, dada, sina ratiba." Hana ratiba Julai! Mwenye duka si mtoto. Akisikia hivyo anakwambia uache namba, na namba hiyo haipigwi.

Taja tarehe yako siku ya kwanza. "Nipo mpaka katikati ya Oktoba, baada ya hapo narudi chuo." Utapoteza kazi mbili tatu kwa kusema hivyo, na hizo usingezimaliza vizuri hata hivyo. Atakayekuchukua atakupa kazi inayokaa ndani ya tarehe zako na hatakununia ukiondoka. Mimi mwenyewe nawarudia wale wale walioniambia ukweli mwaka uliopita. Nawapigia kabla hawajamaliza hata mitihani.

La pili, na hili ndilo kubwa zaidi, acha kuuliza nani anaajiri. Uliza nani kazi zimemzidi mwezi huu.

Chukua biashara yangu. Dirisha la maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ile ya Bodi ya Mikopo, hufunguliwa Juni na kufungwa kuelekea mwisho wa Agosti. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na maombi ya vyuo yanafuata papo hapo. Kwa wiki kadhaa dukani hapatoshi. Mtoto amekuja na mama yake, cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne kinasema Mohamedi. RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, inabidi ihakiki cheti, fomu inataka saini ya mdhamini, mhuri wa serikali ya mtaa, na wakili. Namba ya mtihani ikikosewa tarakimu moja, mfumo unaleta jina la mtu mwingine kabisa. Anayeijua kazi hii bila kufundishwa ni nani? Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyejijazia mwenyewe juzijuzi, akahangaika, akakesha. Huyo akiniambia "dada, fomu za mkopo nazijua, naweza kukaa kwenye kompyuta ya pili", simuulizi CV. Ila karibu hakuna anayeniambia hivyo. Wananiambia wanasomea usimamizi wa biashara.

Kila mahali pana msimu wake. Sabasaba ni kuanzia mwisho wa Juni hadi Julai 13, pale Barabara ya Kilwa, na mabanda yanataka watu wa kusimama, kueleza na kubeba. Ubaya wake ni kwamba kwa vyuo vingi bado ni wakati wa mitihani, kwa hiyo angalia ratiba yako kabla hujaahidi. Nane Nane, maonesho ya wakulima, ni wiki ya kwanza ya Agosti na haigongani na mitihani. Kama kwenu ni Mbeya, Dodoma, Morogoro, Arusha, Mwanza au Lindi, maonesho ya kanda yako mlangoni. Zanzibar na Arusha watalii hujaa kuanzia Julai, lakini hoteli huwa zimeshachukua watu wa ziada mapema, kwa hiyo anayekwenda kuuliza Agosti amechelewa. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Maana yake Julai na Agosti mzazi mwenye mtoto anayepwaya kwenye Hesabu hapati usingizi. Tuisheni ya nyumbani haina nauli, haina bosi, na inakuachia mchana mzima.

Halafu kuna kazi za serikali za muda. Sensa ya Agosti 2022 iliwapa vijana wengi kazi ya ukarani, na uboreshaji wa Daftari la Wapiga Kura ulioanza Kigoma Julai 2024 ukazunguka mikoa mpaka 2025 nao ulihitaji watu. Nafasi hizi haziji kila mwaka, na zikija hubandikwa kwenye ubao wa kata na tovuti ya halmashauri, tena hutaka mkazi wa eneo husika. Kitu kinachowaangusha wengi ni kidogo mno: namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, hawana, au hawajulikani kwa mwenyekiti wa mtaa. Vyote hivyo vinashughulikiwa kabla tangazo halijatoka. Nenda ukajitambulishe ofisini kwa mtaa hata kama leo huna shida nao.

Sasa tuongee hela, maana hapa wengi hufanya kazi miezi miwili wakamaliza na madeni. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Tuseme unakaa Mbagala ndani ndani, umepata kazi ya dukani mjini ya 8,000 kwa siku, na unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Hata kila gari likiwa la 600, nauli pekee imekula 2,400. Sahani ya wali maharage kwa mama lishe na maji, weka 2,500. Umebaki na 3,100. Siku duka likifungwa usiku ukapanda bodaboda kutoka kituo cha mwisho hadi nyumbani kwa 2,000, una 1,100 mkononi kwa kusimama kutwa nzima. Rafiki yako anayelipwa 5,000 kwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwao, anakula kwao na kurudi kwa miguu, amekuzidi mbali. Lakini mjini panasikika vizuri zaidi ukisimulia. Piga hesabu ya kinachobaki kabla hujakubali kinachotajwa.

Na ukikubali, kubaliana namna ya kulipwa. Ukisikia "tutamalizana tu, usijali", hapo ndipo pa kujali. Nilishamalizana hivyo na tajiri mmoja wa stoo: mwisho wa mwezi ikawa mzigo haujatoka bandarini, mwezi uliofuata ikawa msiba, na chuo kilipofunguliwa bado nilikuwa namdai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki bila ya ziada, na ukidhulumiwa malipo unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ni haki yako na uijue. Ila tuseme ukweli, mwanafunzi anayedai shilingi 90,000 na anasafiri kesho kwenda Dodoma chuoni hafungui shauri. Kinga iliyo karibu ni kuomba ulipwe kila Jumamosi, deni lisipate muda wa kunenepa. Na mkishaelewana kwa mdomo, mtumie ujumbe wa WhatsApp jioni hiyo hiyo: "Bosi, asante, nitaanza Jumatatu saa 2, 8,000 kwa siku, malipo kila Jumamosi." Akijibu "sawa", una maandishi.

Fildi nayo. Kwa kozi nyingi mafunzo kwa vitendo yanameza kama wiki nane za likizo, na ofisi nyingi hazikulipi hata nauli. Usijidanganye kwamba utafanya fildi kutwa na kibarua kutwa. Kinachowezekana ni kuomba fildi karibu na unapolala bure, jioni ukafundisha, wikiendi ukasaidia duka au ukumbi wa sherehe. Wiki chache zinazobaki baada ya ripoti ndizo za kufanya kazi ya siku nzima, na ziwe umezitafutia kazi tangu ungali fildi.

Matapeli nitawapitia haraka kwa sababu mbinu yao haibadiliki. Wanaomba hela ya fomu, ya sare, ya kupima afya, ya mafunzo ya siku tatu. Mtu anayetaka nguvu zako hakudai hela. Ujumbe wa namna hiyo utume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha ufute. Ukiitwa kwenye usaili ukakuta ukumbi umejaa watu wanapiga makofi na kuambiwa walete wengine wawili, toka, hata kama umeshakaa mstari wa mbele.

Kwa mabinti nina neno la ziada. Usaili haufanyiki gesti wala baa saa moja usiku, na bosi anayekuuliza unaishi na nani kabla hajakuuliza unajua kuhesabu, amekwisha jieleza. Mpeleke ndugu akapaone mahali pa kazi siku ya kwanza. Kaka au shangazi akishafika dukani na kusalimia, mengi hupungua.

Nimeandika kama mtu wa Dar, na wapo watakaoniuliza: mimi niko kijijini Simiyu, steshenari yenyewe iko wilayani, nifanyeje? Kwenu msimu wa pamba hufunguliwa Mei na ukifika nyumbani ununuzi unaweza kuwa haujaisha. AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinahitaji mtu wa kusoma mizani, kuandika vitabu na kukokotoa malipo bila kukosea mbele ya wakulima wanaomtazama mikono. Kagera kuna kahawa miezi hiyo, Pemba karafuu. Wa Mtwara ndio wenye bahati mbaya, korosho huanza kuuzwa Oktoba mkiwa mnafunga mabegi. Kwao nashauri waulize mapema kazi za kupalilia na kupulizia mikorosho, au washuke Lindi Nane Nane. Na kwa yeyote anayerudi kijijini: piga simu kwa katibu wa AMCOS sasa, ukiwa bado chuoni, umtajie tarehe ya kufika na ya kuondoka.