Muulize Mzee wa Ghala: Bastola ya bei nafuu inakwama, niiuze?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Ghala. Mimi ni mama wa biashara ya mchele, sokoni Tandale. Nilipopata kibali cha kumiliki silaha nilitamani Glock, lakini mfuko ukagoma, nikachukua Taurus G2C. Siku za mwanzo haikunisumbua. Sasa kila nikienda kulenga shabaha lazima ikwame: ganda la risasi linasimama wima pale pa kutokea na slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, haifungi. Shemeji yangu ananicheka, eti rahisi ni ghali, niiuze. Niiuze kweli? (Mama Mchele, Tandale)

JIBU: Marahaba mama. Usiiuze. Shemeji mwambie atulie kwanza.

Tangu nistaafu kazi ya ghala nashinda na fundi mwenye leseni kwenye duka moja la silaha hapa mjini, na malalamiko kama yako hayaishi. Huyu anaitukana Brazili, nchi ya Taurus yako, yule anaitukana Uturuki, nchi ya bastola za Canik. Ukiifungua bastola yenyewe mezani unaikuta nzima. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye mkono, kwenye magazini (kile kikasha cha risasi) au kwenye risasi zenyewe.

Tuanze na mkono. Bastola inayojikoki yenyewe haina injini. Inakopa nguvu ya risasi. Risasi ikilipuka, slaidi inarudi nyuma, inavuta ganda na kulitupa nje, kisha springi inaisukuma mbele ikiwa imebeba risasi nyingine. Hayo yote yafanyike sawasawa, sehemu ya chini lazima itulie. Kiganja kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, safari ya slaidi inakuwa fupi, na ganda linakosa nguvu ya kuruka. Ndilo hilo unaloliona limesimama wima. G2C ni ndogo na fremu yake ni ya plastiki, kwa hiyo mkono legevu inauhisi haraka kuliko dude zito la chuma. Dawa: shika juu kabisa, karibu na slaidi, mkono wa pili uzibe nafasi iliyobaki kwenye mpini, kifundo cha mkono kikaze. Halafu mwombe msimamizi wa uwanja apige magazini moja kwa bastola yako, risasi zilezile. Asipokwama, umeshajua.

Naye akikwama, geukia magazini. Kuna bwana mmoja, naye wa nafaka kama wewe, alituletea bastola yake akiwa ameshakata tamaa. Fundi akatoa magazini, akavuta kibati cha chini, springi ikatoka kwa shida. Ndani kulikuwa na vumbi la pumba lililochanganyika na mafuta, limeganda kama uji wa ulezi uliolala. Kile kidude cha plastiki kinachosukuma risasi juu kilikuwa kinapanda kwa kukwaruza, kinasimama njiani. Bwana alikuwa mtu msafi, tena msafi kupita kiasi: kila Jumapili anamwagia mafuta mpaka ndani ya magazini. Mafuta hayo ndiyo yaliyokamata vumbi. Fundi alipangusa kwa kitambaa kikavu na brashi, akarudisha bila tone la mafuta, na bwana akaenda zake. Magazini ndani iwe kavu, mama. Hasa ya mtu anayeshinda kwenye magunia.

Utazame pia midomo ya magazini, zile kingo mbili za juu zinazoshikilia risasi. Magazini ikidondoka sakafuni kingo zinajipinda kidogo tu, jicho halioni, lakini risasi inaingia kombo. Weka alama ya rangi, moja nyekundu, moja nyeupe. Ikiwa inakwama nyekundu peke yake, huna bastola mbovu, una magazini mbovu. Nunua nyingine ya kiwanda kilekile, usitafute ya kufananisha.

Tatu, risasi. Kuna boksi za bei ya chini zenye baruti dhaifu, na bastola mpya yenye springi ngumu inazikataa. Jaribu aina nyingine, yenye kichwa cha gramu 8 hivi badala ya zile nyepesi za gramu 7 na nusu, uone tofauti.

Kuhusu jina la Taurus, nisikufiche. Kampuni hiyo ya Brazili ilishtakiwa Marekani kwa madai kwamba baadhi ya bastola zake za zamani zinaweza kufyatuka zenyewe zikidondoka, na mwaka 2015 ilikubali kuyamaliza mahakamani. Yaliguswa matoleo tisa, bastola karibu milioni moja, ikiwemo PT-111 Millennium ya mwanzo. G2C ni toleo la baadaye, haimo. Ila msomaji anayeuziwa Taurus kuukuu aulize ni toleo gani kabla ya kutoa pesa.

Na Glock ya ndotoni mwako nayo inakwama, ukiishika vibaya. Jeshi la Austria lilipoichagua mwaka 1982 watu waliibeza eti mdoli wa plastiki. Leo ndiyo wanayoitumia kuwabeza wenzao.

SWALI: Mzee wangu, marehemu baba alituachia Makarov hapa Kinondoni, iko kabatini na karatasi zake. Mimi ndiye mtoto mkubwa. Nataka kuinunulia risasi mpya. Dukani nimeona za milimita 9, zitafaa? (Kifungua Mimba)

JIBU: Pole kwa msiba. Lakini bastola hiyo haiko kwenye mirathi kama shamba. Leseni ilikuwa ya baba, imekufa naye. Kila siku inayokaa kabatini kwenu mnakaa na silaha isiyo na mwenyewe. Nenda kituo cha polisi leo na cheti cha kifo na leseni ya marehemu, waeleze ilipo, wakuelekeze namna ya kuikabidhi. Usipande nayo daladala kwanza. Baada ya hapo, ukiitaka, omba kwa jina lako: serikali ya mtaa, kamati za ulinzi na usalama, polisi, kama mwombaji mwingine yeyote. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina kipengele cha mtoto mkubwa.

Risasi sasa. Hazifai! Makarov, iliyoingia jeshi la Urusi ya Kisovieti mwaka 1951, inakula 9x18, namba ya kwanza ni unene, ya pili ni urefu wa ganda, kwa milimita. Zile ulizoziona bila shaka ni 9x19, za Glock, CZ, Taurus na nyingi za siku hizi. Zote zinaitwa "milimita tisa", na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge. Ganda la hizo za dukani ni refu zaidi, na kichwa cha risasi ya Makarov ni kinene kidogo. Soma maandishi kwenye mtutu, soma na ya kwenye boksi, yalingane neno kwa neno.

SWALI: Mimi ni wakala wa pesa Mbagala Rangi Tatu. Nimeshaanza kuomba kibali. Katika hizi za bei nafuu unanichagulia ipi? Halafu kuna jamaa ana Tokarev, anasema nimpe nusu ya bei ya dukani tumalizane, karatasi baadaye. (Wakala)

JIBU: Huyo jamaa mkimbie. Hakuna karatasi za baadaye. Hujui bastola hiyo imetumika wapi, na siku utakayokutwa nayo historia yake yote inakuwa yako. Hata ingekuwa halali nisingekuchagulia: Tokarev ya Kirusi ya TT-33, na nakala yake ya kijeshi ya Kichina, haikutengenezwa na kitufe cha usalama. Ilichonacho ni kuirudisha nyundo nusu tu. Mtu unayekaa kibandani umebanana na wateja, hiyo si silaha yako.

Za dukani, sikiliza. Canik za Uturuki, zinazotengenezwa mji wa Samsun, wanaozimiliki wanazisifu hasa kwa kifyatuo chake laini, na mimi nakubaliana nao. Ulaini huohuo ndio unaodai kidole kikae nje mpaka umeamua. Bersa Thunder ya Argentina, inayokula risasi za .380 na si 9x19, ni nyepesi kubeba, risasi 7 kwenye magazini, ila uliza kwanza kama risasi zake unazipata mwaka mzima. Marekani wana Hi-Point ya Ohio, inayotajwa kuwa ya bei ya chini kuliko zote: slaidi nzito ya aloi ya zinki, risasi 8, sura mbaya kuliko zote nilizowahi kuona. Wenyewe wanaicheka, na bado wengi wanasema inapiga. Uzito wote ule uko juu kwa sababu slaidi haina kufuli la kuishikanisha na mtutu. Inategemea uzito wake kuchelewa kurudi.

Mimi ningechukua yoyote ya 9x19 ambayo fundi wa hapa ana springi zake. Halafu ile pesa uliyookoa kwa kutonunua Glock usiile. Weka ya magazini ya ziada, weka ya sefu ya kupigilia bolti ukutani, inayobaki yote iende kwenye risasi za mazoezi.

SWALI: Navaa bastola kiunoni ndani ya shati, na kila siku napanda kivuko cha Kigamboni. Slaidi imeanza madoa mekundu upande wa mwilini tu. Ni rangi rahisi? (Abiria)

JIBU: Ni jasho lako na chumvi ya bahari. Hata ya ghali inaota kutu huko, na ukiingia Machi mpaka Mei unyevu unaongezeka. Jioni toa magazini, vuta slaidi uhakikishe chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu, tazama tena, kisha pangusa nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha. Usiilaze ndani ya kifuko cha ngozi, ngozi inanyonya maji. Madoa yaliyopo yasugue taratibu kwa mafuta na brashi ya nailoni. Msasa usiuguse.