Dainamo ya Land Rover ya mzee

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Moshi, nimerithi Land Rover Series IIA ya 1964 ya babu, bado ina dainamo yake ya Lucas, ule mtambo wa kuchaji betri. Usiku nikisimama kwenye foleni taa zinafifia kama kibatari, nimesuka dainamo mara mbili na kaboni nimebadilisha, wapi. Nifunge alteneta badala yake?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Dainamo yako haina kosa, ndo ilivyoumbwa, C40 hiyo inatoa kama ampea 22 tu tena mpaka injini izunguke haswa, injini ikizunguka polepole gari limesimama haichaji kitu. Alteneta ya Lucas 17ACR inafika 36 na hata gari ikiwa imesimama inachaji.

Ila ngoja kwanza usikimbilie spana. Gari lako ethi yake ni chanya, yaani waya wa chanya wa betri ndo umefungwa kwenye bodi, na alteneta hiyo inataka hasi. Ukifunga bila kugeuza, dayodi, vile vipande vya ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaungua hapo hapo, hata moshi hautauona. Geuza betri, geuza nyaya mbili ndogo za koili na za mita ya chaji, stata iache, itazunguka vilevile. Katauti, kile kiboksi kilichokuwa kinadhibiti chaji ya dainamo, haina kazi tena, ila mimi huwa naiacha palepale kwa ajili ya sura. Waya wa kwenda betri weka mnene, na kile kitaa chekundu cha dashibodi usikitoe maana ndo kinaamsha alteneta. Ukiwasha pima betri, volti 14 na kitu hivi, umemaliza.