Barnstormers ilihama au walihama?

SWALI: Msomaji wetu anayeishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, ameandika: "Mwalimu, salaam. Ninaandaa maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu Iowa Barnstormers, timu ya hapa kwetu ya futiboli ya Marekani ya ukumbini, ili wenzetu waliotoka Kongo na Burundi waijue. Nimeandika hivi: 'Barnstormers walianzishwa mwaka 1995. Kurt Warner aliwachezea kabla hajawa maarufu. Mwaka 1996 Storm iliwafunga mabao 42 kwa 38. Wakahamia New York, kisha ikarudi Des Moines mwaka 2008.' Rafiki yangu mmoja anasema timu ni 'i', haiwezi kuwa 'wa'. Mwingine anasema Barnstormers ni wingi kwa hiyo ni 'wa', ila Storm ni umoja kwa hiyo ni 'i'. Nani yuko sahihi?"

JIBU: Rafiki wa kwanza amekaribia. Wa pili amepotea njia, na nitaanza naye.

Ile 's' ya mwisho ni wingi wa Kiingereza, na Kiingereza hakina mamlaka ya kutupangia upatanisho wa kisarufi. Tungelifuata wazo hilo, mtangazaji wa mechi ya Mashemeji kule Nairobi angelazimika kusema Gor Mahia "imeshambulia" na AFC Leopards "wameshambulia", dakika hiyo hiyo, uwanja huo huo. Tungelazimika pia kuikataa sentensi "Taifa Stars imetoka sare", ambayo haijawahi kumkwaza Mtanzania yeyote.

Kinachotawala kitenzi ni nomino iliyojificha nyuma ya jina. Nyuma ya jina la klabu yoyote kuna "timu" au "klabu", na zote mbili ni za ngeli ya I-ZI. Ushahidi mzuri kuliko wote ni Simba. Simba wa porini ni kiumbe hai, kwa hiyo huchukua "a": simba amenguruma. Simba ya Msimbazi haiupati upatanisho huo. Ukisema "Simba ameshinda", watu watakuuliza Simba yupi huyo, ni jina la mtu? Magazeti ya Dar es Salaam huandika "Simba yaichapa Yanga" na "Yanga yatinga fainali", na hiyo "ya" ni "i" ile ile iliyoungana na "a" ya wakati. Kwa hiyo mnyama ameshapoteza unyama wake kisarufi, akawa taasisi. Ndivyo ilivyo kwa wapinzani wa Barnstormers: kwa Rattlers wa Arizona, ambao ni nyoka kwa jina, na kwa Storm ya Tampa Bay, ambayo ni dhoruba.

Umeona nilichofanya? Nimesema "Rattlers wa Arizona", kisha "Storm ya Tampa Bay". Nimefanya makusudi, kwa sababu ndivyo watu wanavyoteleza bila kujua, na ndilo kosa halisi katika maelezo yako.

Maana "wa" nayo ina kwao. Kwanza, katika majina ya utani ambayo yenyewe ni ya watu: Wekundu wa Msimbazi wamewasili, Wananchi wamepata pigo. Pili, pale kitendo kinapokuwa cha wachezaji wenyewe, kwa miili na hisia zao. "Simba walionekana kuchoka kipindi cha pili" ni Kiswahili safi, kwa sababu taasisi haichoki miguu. Kinyume chake, mchezaji haanzishwi, hasajiliwi kwa msajili wa vyama, wala hanunuliwi pamoja na nembo yake. Hayo hutendewa timu. Kwa hiyo kabla hujachagua kiambishi, jiulize nani anatenda au anatendewa: ni timu au ni watu waliovaa jezi?

Tuitumie historia yenyewe ya Barnstormers. "Barnstormers ilianzishwa mwaka 1995" ndiyo sahihi. Mwenye timu alikuwa Jim Foster, mtu yule yule aliyeubuni mchezo huu. Mwaka 1981 alikuwa Madison Square Garden, New York, akitazama soka la ukumbini, akajiuliza kwa nini futiboli ya Marekani isichezwe hivyo hivyo, akauchora uwanja wake juu ya bahasha. Ligi ilianza 1987 ikiwa na timu 4. Uwanja una urefu wa yadi 50, yaani nusu ya ule wa kawaida. Wachezaji ni 8 kila upande. Kingo zake zina kuta zilizovalishwa magodoro. Foster alipoleta timu Des Moines, jina Barnstormers lilitokana na marubani wa zamani waliozunguka mashambani wakifanya sarakasi za ndege, na kofia za wachezaji zilichorwa miwani ya rubani. Sasa hapa unaweza kuandika "Barnstormers walivaa kofia zenye miwani", kwa sababu taasisi haina kichwa cha kuvalia kofia.

Kwenye mechi, kila kambi ina hoja yake. Fainali ya 1996 ilichezwa Des Moines, na Tampa Bay Storm ikashinda 42 kwa 38. Mwaka uliofuata Barnstormers ikafika fainali tena, safari hii huko Arizona, ikapigwa 55 kwa 33. Ukitaka kuandika "Rattlers iliifunga Barnstormers", sawa. Ukitaka "Rattlers waliwafunga Barnstormers", sawa pia, ingawa ya kwanza inafaa zaidi katika maelezo ya historia. Usichokubaliwa ni "Storm iliwafunga" kama ulivyoandika, ambapo mshindi ni taasisi na aliyeshindwa ni kundi la watu. Magazeti hufanya hivyo kila wiki, najua. Hata hivyo msikilize msomaji: upande mmoja ameuona kama klabu, upande wa pili kama watu wanaosikitika, na mizani imelala bila mwandishi kukusudia. Chagua moja kwa pande zote mbili za kitenzi.

Sasa nije kwa Kurt Warner, maana hapo "wa" inakuingiza matatani. Huyu bwana aliachwa na Green Bay Packers, timu ya ligi kuu ya futiboli ya Marekani, mwaka 1994, akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za duka la vyakula huko Cedar Falls, Iowa. Barnstormers ikamchukua, akawa mrushaji wake mkuu wa mpira kuanzia 1995 hadi 1997. Januari 2000 akaiongoza St. Louis Rams kutwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi hiyo kuu, na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi hiyo, na mwaka 2017 akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Wewe umeandika kwamba "aliwachezea" Barnstormers. Ukimchezea mtu kwa Kiswahili, unamfanyia mzaha au unamghilibu: wamemchezea akili, usinichezee. Kwa hiyo sentensi yako inasema Warner aliwafanyia mzaha wenzake wa timu! Timu huchezewa kwa "i": aliichezea Barnstormers. Na ukitaka watu waonekane, tumia "na": alicheza na Barnstormers. Ila ujue kwamba hiyo nayo ina mtego wake, kwa kuwa "Simba imecheza na Yanga" humaanisha zimepambana. "Aliichezea" ndiyo salama.

Nimekaa sana kwenye "i" na "wa", lakini katika aya yako kosa kubwa zaidi ni "ikarudi". Hapo sarufi yako haina ila, ukweli ndio umekwenda mrama, na Kiswahili kina njia nzuri ya kuusema. Baada ya msimu wa 2000 timu iliuzwa ikahamishiwa New York, na kuanzia 2001 ikaitwa New York Dragons, ikicheza Nassau Coliseum huko Long Island. Mwaka huo huo wa 2001 timu nyingine yenye jina la Barnstormers ilicheza Des Moines katika ligi ndogo ya af2, kwa msimu mmoja tu. Kisha kimya. Mwaka 2008 ikaanzishwa Barnstormers nyingine tena, kwenye af2. Sasa angalia: mwaka huo wa 2008 Dragons bado walikuwa wanacheza New York! Itawezekanaje timu kurudi Des Moines na huku haijaondoka Long Island?

Iliyorudi haikuwa timu. Lililorudi ni jina. Badili ngeli na sentensi inanyooka yenyewe: "Timu ilihamia New York ikaitwa Dragons, jina lilirudi Des Moines mwaka 2008." Ngeli ya I-ZI inaifuata klabu hadi New York, ngeli ya LI-YA inabaki na jina nyumbani, na msomaji hahitaji maelezo ya ziada. 

Linganisha na Simba, ambayo mambo yake yalikwenda kinyume. Klabu ile ilianza 1936, ikapitia majina kadhaa, ikajulikana kama Sunderland, na mwaka 1971 ikawa Simba. Hapo timu ni ile ile na jina ndilo lililobadilika, ndiyo maana "Sunderland ikawa Simba" inakubalika. TP Mazembe ya Lubumbashi nayo iliwahi kuitwa Englebert, na hakuna anayeihesabu kama klabu mbili. Kwa Barnstormers huwezi kusema "Dragons ikawa Barnstormers tena", kwa sababu haikuwa.

Timu hii ya 2008 ndiyo inayocheza hadi leo, kwa hiyo kuanzia hapo unaweza kutumia "i" moja bila wasiwasi: ilipanda ligi kuu ya ukumbini mwaka 2010, ikahamia Indoor Football League, ligi nyingine ya ukumbini, mwaka 2015, na mwaka 2018 ikatwaa ubingwa wa ligi hiyo kwa kuishinda Sioux Falls Storm kwa tofauti ya pointi 1. Ndio, ni Storm tena, ila hii ni nyingine, ya jimbo la South Dakota. Iandike kwa jina kamili kila mara, la sivyo wasomaji wako watadhani Tampa Bay imelipizwa kisasi cha 1996.

Kuna jambo dogo linalohusiana na hilo. Ukifika kwenye Barnstormers ya 2001, usiandike "ilifungwa mwaka 2001". Msomaji wa michezo ataelewa kwamba ilipoteza mechi. Sema ilivunjwa, au haikuendelea. Vivyo hivyo kwa ligi kuu ya Foster, ambayo haikuwa na msimu mwaka 2009: "haikuchezwa" inatosha.

La mwisho ni hayo "mabao 42 kwa 38". Mwenzetu kutoka Bujumbura akisoma hivyo ataamini ni soka na kwamba golikipa alikuwa amelala. Kuvuka mstari wa mwisho na mpira mkononi kunaleta pointi 6 kwa mpigo, kwa hiyo andika pointi, kama tunavyofanya kwenye kikapu. Na sentensi yako ya kwanza iseme wazi kwamba mpira huu hubebwa na kurushwa kwa mkono. Usiuite kandanda.