Barua kwa mwanangu: Paketi ya ORS

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza, kati ya gesi, friji, mashine ya kufulia na nepi za kutupa, kipi hasa cha kumshukuru Mungu kwa mwenye watoto wadogo kama wewe. Vyote ni neema. Lakini mimi naanza na paketi ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ambayo wengi huikumbuka usiku wa manane wakati haipo. Mtoto anayeharisha huuawa na kuishiwa maji mwilini, na ORS ndiyo inayoyarudisha.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, dripu ziliisha katikati ya kipindupindu. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, vifo vikapungua sana. Utumbo hata ukiugua bado hupokea glukosi pamoja na chumvi, na maji hufuata humo humo. Soda na juisi hazifanyi kazi hiyo: sukari yake imezidi, huvuta maji kuyaingiza utumboni, na mtoto huzidi kuharisha.

Soma paketi kwanza, maana zipo za lita 1 na zipo za maji pungufu. Ya lita 1 inataka maji ya chupa mbili kamili za nusu lita, yaliyochemshwa yakapoa. Mimina unga wote, koroga hadi uyeyuke. Ninachokiogopa zaidi ni mtu kuikoroga kwenye kikombe kimoja "iwe kali": chumvi hupanda kwenye damu na mtoto anaweza kupata degedege. Onja mwenyewe, isizidi chumvi ya machozi. Usiichemshe baada ya kuchanganya, na saa 24 zikipita mwaga, tengeneza nyingine.

Aliye chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, mkubwa wake 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu zaidi. Anyonye na ale kama kawaida.

Pamoja nayo mpe vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa yako. Wengi huacha kumpa mtoto zinki choo kikishakaza, ilhali siku zilizobaki ndizo zinazomkinga asiharishe tena miezi michache ijayo.

Akishindwa kunywa, akalegea, macho yakadidimia, akatapika kila kitu au ukaona damu kwenye choo, mkimbize hospitali huku ukiendelea kumnywesha njiani kama anameza.

Na kichanga akitimiza wiki 6 usikose kliniki, wala miadi utakayopewa baadaye; hapo ndipo hupewa matone ya chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto.

Wabusu wajukuu zangu.

Mama