Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Yule Yaya Mwanamume

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Umeitazama Sitting Pretty, filamu ya mwaka 1948 niliyokusifia kwa miaka mingi, na sasa unataka kujua inakuwaje baba yako, ambaye hakuwahi kukuchapa hata kofi, acheke mtu mzima anapommwagia mtoto mchanga uji kichwani.

Kabla ya uji, turudi mlangoni. Tacey King, mama wa wavulana watatu watukutu waliokwisha kuwashinda yaya waliotangulia, anatangaza kwamba anatafuta yaya wa kuishi nao. Anayejibu ni Lynn Belvedere, na kwa kuwa jina la Lynn kule Marekani hupewa wanawake na wanaume, wenye nyumba wanamtarajia mwanamke. Anayebisha hodi ni mwigizaji Clifton Webb, bwana wa makamo aliyenyooka kama mwanzi, ambaye bila kuona haya anajitambulisha kuwa ni gwiji, kisha anakiri kwamba yeye hapendi watoto hata kidogo. Anayasema hayo siku ya kuanza kazi!

Sasa utazame tena uso wa Webb mezani. Mtoto Roddy anamrushia uji, naye hafoki wala hakunji uso. Anainuka taratibu, analichukua bakuli na kulifunika juu ya kichwa cha mtoto, kwa utulivu wa karani anayegonga muhuri. Angefanya hivyo kwa hasira, nami ningeizima televisheni. Ninachokicheka ni kwamba Belvedere hana adabu mbili, moja ya wakubwa na nyingine ya wadogo: uji aliorushiwa ameurudisha, na mambo yameishia hapo.

Nakubaliana nawe kwamba wivu wa mume na umbea wa majirani umerefushwa mno, ingawa umbea huohuo ndio Belvedere aliokuwa akiuandika kitabuni kwa siri, na kitabu kilipotoka mtaa mzima ukaumbuka. Webb aliteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji huo, akamrudia Belvedere katika filamu mbili zaidi, ya 1949 akiwa chuo kikuu na ya 1951 katika makao ya wazee. Mimi zile hazikunikolea.

Ukiamua kumwonesha mjukuu wangu, tafadhali iwe baada ya kifungua kinywa, vyombo vikiwa vimekwisha kuondolewa mezani.

Ni mimi baba yako.