Kilimanjaro nyuma ya treni ndogo: kwa nini mlima unakaa kama bango?

SWALI: Fundi, naishi Hamburg ila kwetu ni Moshi. Nimejenga modeli ya stesheni ya kwetu kwa skeli ya HO (ndogo mara 87 kuliko kitu halisi), meza ina urefu wa sm 240 na upana wa sm 60. Nyuma nimebandika picha ya Kilimanjaro iliyojaa ukuta mzima. Treni zimetoka vizuri, lakini mlima unaonekana kama bango la utalii, na pale meza inapokutana na picha ni kama pamekatwa kwa kisu. Nikiwasha taa, mbingu inamulika. Nirekebishe wapi?

JIBU: Anza na ukubwa wa mlima, kwa sababu hapo ndipo penye kasoro kubwa. Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, ina mita 5,895, mji wa Moshi uko kwenye mita 800 na ushei, na kati yao kuna kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo mtu aliyesimama mjini anaona kilele kimepanda digrii 9 na nusu tu juu ya upeo wa macho. Wewe unatazama picha ukiwa sm 100 kutoka kwake: 60 za meza na 40 za nafasi yako mbele ya meza. Kwa umbali huo digrii 9 na nusu ni sm 17. Kutoka Kibo hadi Mawenzi, kilele cha pili upande wa kulia, ni kama sm 37. Basi. Picha za kalenda hupigwa kwa lenzi ndefu inayovuta mlima karibu, na ukiikuza ijaze sm 240, stesheni yako inakuwa imehamia mteremkoni. Mlima unatawala mji wa Moshi kwa sababu nyumba na migomba chini yake ni midogo. Acha sehemu ya chini iwe ndogo, nao mlima utakua wenyewe.

Jambo la pili ni urefu wa jicho. Katika HO, yaani 1:87, sm 15 ni mita 13. Ukiinua meza hadi sm 130 na kukaa kwenye stuli macho yakiwa kwenye sm 145, unautazama mji kana kwamba uko juu ya paa la jengo la ghorofa tatu au nne. Picha ipigwe kutoka kimo hichohicho, na upeo wa macho ukae sm 15 juu ya meza. Kilele kitafika sm 32. Ubao wa nyuma wa sm 50 unatosha.

Mwombe ndugu aliyeko Moshi apige Januari au Februari, kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Miezi hiyo jua huchomoza kusini ya mashariki na kuumulika uso wa mlima unaotazama mji. Juni huchomoza kaskazini ya mashariki na uso huo hubaki na kivuli. Kamera ya fremu kamili yenye pikseli milioni 24 iwe na lenzi ya milimita 50, isimame wima juu ya tripodi, isawazishwe kwa pima maji. Apige picha 10, akigeuza digrii 15 kila mara. Mwanga, fokasi na mizani ya rangi viwekwe kwa mkono na visiguswe tena, la sivyo mbingu itatoka mistari mistari. Kichujio cha polaraizi kivuliwe: katika picha pana kinafanya doa jeusi upande mmoja wa anga. Ziunganishe kwa Hugin, programu ya bure, ukichagua umbo la silinda, kisha kata digrii 137. Kwa uchapaji wa pikseli 150 kwa inchi unahitaji kama pikseli 14,200 kwa 2,950, nazo utazipata na kubaki na akiba.

Mng'ao unatokana na karatasi ya kung'aa. Chapisha kwenye stika ya vinaili isiyong'aa, kipande kimoja, juu ya ubao wa MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa) wa milimita 3 uliopakwa rangi pande zote mbili. Ubao usiopakwa hunywa unyevu, huvimba, na stika huinuka kwenye kingo. Kabla ya kuchapisha yote, toa kipande cha sm 20 kilichopunguzwa ukali wa rangi kwa asilimia 15 hadi 20, kitundike chini ya taa zako mchana na usiku. Rangi ya skrini haiaminiki. Taa ziwe za kelvini 4,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), mbele ya meza, zenye nguvu zaidi upande wa kulia, kwa kuwa jua la asubuhi katika picha linatoka huko. Nyumba zikae sm 6 au zaidi kutoka kwenye picha. Kivuli cha paa kikianguka juu ya anga, hakuna atakayeamini kuwa ni anga.

Pale panapoonekana pamekatwa, acha mfereji wa sm 1 na uufiche kwa tuta la udongo. Mgomba wa mita 4 ni sm 4.6 katika HO; mbele panda ya kimo hicho, nyuma kabisa panda ya sm 2.5. Udongo wa meza uchanganye hadi ufanane na ukingo wa chini wa picha, wala si na picha nzima. Barabara isiingie ukutani moja kwa moja. Ipindishe nyuma ya ghala.

Mwisho, mabehewa yako yana maandishi gani? Yakiwa EAR, yaani Reli ya Afrika Mashariki, Moshi yako ni ya kabla ya 1977, na picha ya leo itakusaliti. Futa minara ya simu na mabati ya rangi ya buluu na nyekundu. Barafu nayo: tangu 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, kwa hiyo tafuta picha ya zamani ya familia inayoonyesha kilele, na uirudishe theluji mpaka pale ilipokuwa ikiishia ulipokuwa mtoto.